Kutoka Kituo cha Pekee hadi Faharasa ya Dunia: Historia ya Kuunganisha Kumbukumbu za Vipimatetemeko, 1889–2013

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi kumbukumbu za vipimatetemeko vilivyotawanyika duniani zilivyounganishwa na kupangwa katika faharasa moja kati ya mwaka 1889 na mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba vifaa hivyo havikugeuka kuwa mtandao mmoja kwa sababu ya ubora wake pekee, bali kwa sababu ya makubaliano juu ya saa, fomu na utaratibu wa kuorodhesha. Aidha, makala inaonesha kwamba faharasa iliyozaa maarifa mapya ni ile iliyohifadhi hata tarakimu zilizokataa kuafikiana na nyingine. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 limetumika kama kisa cha kuipima hoja hiyo katika mazingira ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ilitetemeka katika eneo la Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Tanzania na ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Ambraseys, aliyelichunguza upya tetemeko hilo mwaka 1991, alikadiria kwamba ukubwa wake ulikuwa takriban 7.4. Kwa kiwango hicho, tetemeko la Rukwa ni miongoni mwa matetemeko makubwa zaidi ya karne ya 20 barani Afrika. Hata hivyo, vituo vingi vya kupimia matetemeko vya wakati huo vilikuwa Ulaya na Asia ya Mashariki, maelfu ya kilomita kutoka mahali palipotikisika.

Hali hiyo ilizaa mgawanyo wa ajabu wa maarifa. Mkazi wa Rukwa alijua kwamba ardhi imetikisika chini ya miguu yake, lakini hakuwa na njia ya kujua mtikisiko huo umefika wapi. Mtumishi wa kituo cha Ulaya aliona mstari wa kipimatetemeko chake umechafuka, lakini mstari huo peke yake haukumwambia umechafuliwa na tukio gani. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari, na tetemeko lenyewe, kama jambo moja lenye mahali, saa na ukubwa, halikuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Ilibidi lijengwe kwa kuviunganisha vipande hivyo.

Makala hii inauliza swali lifuatalo: vipande vya aina hiyo viliunganishwaje, na nani aliamua kipi kiingie na kipi kiachwe? Katika mjadala huu, neno kihisi litatumika kumaanisha chombo chochote kinachopokea ishara ya tukio na kuacha kumbukumbu yake, kiwe kifaa au mtu. Faharasa itamaanisha orodha iliyopangwa ili kumbukumbu iweze kupatikana kwa wakati wake, mahali pake na tukio lake.

Kazi mbili zimesaidia kuuweka mtazamo wa makala. Edwards (2010), akiandika kuhusu sayansi ya hali ya hewa, ameonesha kwamba data huwa za dunia nzima kutokana na miundombinu inayozikusanya na kuzisawazisha, si kwa asili yake. Coen (2013) ameonesha kwamba katika karne ya 19 elimu ya matetemeko ilitegemea sana ushuhuda wa watu wa kawaida. Makala hii inaiunganisha mitazamo hiyo miwili, kisha inaileta kwenye Bonde la Ufa.

2.0 Kwa Nini Kifaa Kimoja Hakitoshi

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, ni vyema kueleza tatizo ambalo wahusika wake walikabiliana nalo. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbalimbali yanayosafiri ndani ya dunia kwa mwendo tofauti. Wimbi la kwanza hubana na kuachia mwamba, na chini kidogo ya ganda la dunia husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 8 kwa sekunde. Wimbi la pili huutikisa mwamba kwa upande na huenda polepole zaidi, takriban kilomita 4.5 kwa sekunde. Kwa hiyo, kadiri kituo kilivyo mbali na tetemeko ndivyo muda kati ya mawimbi hayo mawili unavyorefuka. Kwa masafa ya wastani, kila sekunde moja ya tofauti huashiria umbali wa takriban kilomita 10.

Kituo kimoja kinaweza, kwa njia hiyo, kukadiria umbali wa tetemeko, lakini umbali bila mwelekeo ni duara tu juu ya ramani: tetemeko linaweza kuwa popote kwenye mzingo wake. Kituo cha pili huongeza duara lingine, na maduara mawili hukatana mahali pawili. Kituo cha tatu ndicho kinachoamua. Hii ndiyo maana ya msingi ya kuunganisha data: kila kihisi kina jibu lisilokamilika, na majibu yasiyokamilika yakiwekwa pamoja huondoleana utata.

Utaratibu huu ni rahisi kuuchora ubaoni, lakini katika utekelezaji ulikwamishwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni saa. Ikiwa saa ya kituo kimoja imekosea kwa dakika moja, wimbi la kwanza litaonekana limesafiri karibu kilomita 480 zaidi au pungufu. Kikwazo cha pili, ambacho wanahistoria hawakitaji mara nyingi, ni kuoanisha. Ardhi hutetemeka mara nyingi kila siku mahali mbalimbali. Anayepokea orodha za nyakati kutoka vituo 50 hana budi kuamua ni usomaji upi wa kituo hiki unaotokana na tetemeko lilelile lililosomwa na kituo kile. Akioanisha vibaya, hesabu inaweza kumpa kitovu cha tetemeko ambalo halikutokea kamwe. Uamuzi huo ulitangulia kila hesabu, na kwa miongo mingi ulifanywa kwa macho, kalamu na subira.

3.0 Milne na Orodha za Shide, 1889–1913

Mwanzo wa historia hii unaonesha uzito wa kuoanisha. Tarehe 17 Aprili 1889, pendulamu nyeti zilizokuwa Potsdam na Wilhelmshaven, Ujerumani, ziliandika mtikisiko usioelezeka. Mwenye vifaa hivyo, Ernst von Rebeur-Paschwitz, hakuwa akitafuta matetemeko ya mbali. Baadaye alisoma katika jarida la kisayansi habari ya tetemeko lililotokea Tokyo siku hiyo, akalinganisha nyakati, akatambua kwamba mtikisiko wa Ujerumani umetoka Japani. Ugunduzi huo haukutokana na kifaa peke yake. Ulitokana na mchoro wa kifaa uliowekwa kando ya habari iliyochapwa, yaani vihisi viwili vya aina tofauti kabisa vikiunganishwa na saa.

Aliyeugeuza uwezekano huo kuwa taasisi ni John Milne. Milne, Mwingereza mtaalamu wa madini, alifika Tokyo mwaka 1876 kufundisha na akaishi Japani karibu miaka 20. Mwaka 1895 nyumba yake iliungua pamoja na maktaba yake. Mwaka huohuo alirejea Uingereza na mkewe, Tone Horikawa, wakakaa Shide katika Kisiwa cha Wight. Kupitia Shirika la Uingereza la Kuendeleza Sayansi, mwaka 1897 ilitolewa rai kwamba vituo vya ng'ambo vitumie kipimatetemeko cha aina moja, kile alichokibuni Milne. Hatimaye vituo takriban 40 vilikubali, vikiwamo vya Mauritius, Rasi ya Tumaini Jema, Bombay na Toronto.

Mtawanyiko huo haukufuata mahitaji ya elimu ya matetemeko. Ulifuata njia za dola la Uingereza, mahali palipokuwa tayari na kituo cha nyota au cha hali ya hewa, mtumishi wa kulipwa na simu ya kusahihishia saa. Mahali pasipokuwa na vitu hivyo palibaki kimya katika orodha. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 7.0, kwa kuwa ukimya huo umerithiwa na katalogi za leo.

Kuanzia mwaka 1900 hadi 1912 kumbukumbu za vituo hivyo zilichapwa katika waraka uliotoka Shide. Kila kituo kiliandika siku, saa ya kuanza kwa mtikisiko, upeo wake na muda wake. Kwa mizani ya ufundi, kifaa cha Milne kilikuwa na dosari kubwa: hakikuwa na kitulizi, hivyo pendulamu iliendelea kuyumba yenyewe na kuufunika mwanzo wa mawimbi yaliyofuata. Emil Wiechert wa Göttingen alitengeneza vifaa bora zaidi, vyenye kitulizi, katika miaka hiyohiyo. Hata hivyo, udhaifu uliofanana kila mahali ulikuwa na manufaa yake, kwa sababu ulifanya vituo viweze kulinganishwa. R. D. Oldham alitumia kumbukumbu za vituo vingi, na mwaka 1906 alitoa hoja kwamba dunia ina kiini kinachoyachelewesha mawimbi. Hakuna kituo kimoja ambacho kingeweza kukiona kiini hicho.

Wakati huohuo mtandao mwingine ulikuwa ukijengwa. Mwaka 1904 jumuiya ya kimataifa ya elimu ya matetemeko ilianzishwa, na makao yake yakawa Strasbourg, mji uliokuwa Ujerumani wakati huo. Kwa hiyo tetemeko la Rukwa la 1910 lilitokea wakati dunia ilikuwa na vituo viwili vya kuorodhesha, kila kimoja na desturi zake. Milne alifariki mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vilianza, na ushirikiano uliojengwa Strasbourg ukavunjika.

4.0 Oxford na Thamani ya Masalio, 1918–1930

Baada ya vita, kazi ya Milne ilirithiwa na Herbert Hall Turner, profesa wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Oxford. Muhtasari wa Kimataifa wa Matetemeko ulianza na data za mwaka 1918. Tofauti yake na waraka wa Shide ni ya msingi. Waraka wa Shide, kwa sehemu kubwa, ulipangwa kwa vituo: msomaji aliona kile ambacho kila kituo kilikisikia. Muhtasari wa Oxford ulipangwa kwa matukio: kila tetemeko lilipewa siku, saa na kitovu, na chini yake vikaorodheshwa vituo vyote vilivyolisikia. Kituo kikawa shahidi, na tukio likawa ndilo kichwa cha habari.

Mabadiliko hayo ya mpangilio yalikuwa na matokeo makubwa. Mara kitovu kilipokadiriwa, iliwezekana kukokotoa wakati ambao kila kituo kilipaswa kuyapokea mawimbi, na kuulinganisha na wakati uliosomwa kweli. Tofauti kati ya nyakati hizo mbili, ambayo katika makala hii inaitwa masalio, ilichapwa mbele ya jina la kila kituo. Msomaji wa faharasa hakupewa jibu tu. Alipewa pia kipimo cha jinsi kila shahidi alivyoafikiana au kutoafikiana na jibu hilo.

Mtu mwenye haraka angeyafuta masalio makubwa kwa kuyahesabu kuwa makosa ya saa, na mara nyingi yalikuwa hivyo kweli. Lakini Turner aligundua kwamba kwa baadhi ya matetemeko masalio hayakutawanyika ovyo. Vituo vya upande wa pili wa dunia vilipokea mawimbi mapema kuliko ilivyotarajiwa, na vilifanya hivyo kwa pamoja. Saa za nchi mbalimbali haziwezi kukosea kwa mpango mmoja. Mwaka 1922 alitoa maelezo kwamba matetemeko hayo hayakuanzia karibu na uso wa dunia, bali mamia ya kilomita chini yake.

Maelezo hayo yalipingwa, na upinzani haukuwa wa bure. Kwa utaratibu uleule, Turner alipata pia matetemeko ambayo chimbuko lake lilikuwa juu mno kuliko kawaida, jambo lililotilia shaka hesabu yote. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1928, ambapo Kiyoo Wadati, akitumia vituo vilivyosongamana vya Japani, alithibitisha kuwapo kwa matetemeko ya kina kirefu. Kwa hiyo Turner alikuwa sahihi katika jambo kuu na alikosea katika baadhi ya mifano yake. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu faharasa ilichapa masalio. Kama Oxford ingechapa vitovu pekee, wapinzani wasingekuwa na cha kupinga, na wafuasi wasingekuwa na cha kuthibitisha.

Turner alifariki mwaka 1930 huko Stockholm, alikokwenda kuhudhuria mkutano wa kimataifa wa wanasayansi wa elimu ya dunia.

5.0 Kadi za Inge Lehmann, 1929–1936

Mfano wa pili wa thamani ya tarakimu zisizoafikiana unatoka Denmark. Inge Lehmann alikuwa mkuu wa idara ya matetemeko katika Taasisi ya Jiodesia ya nchi hiyo tangu mwaka 1928. Ndugu yake mmoja alikuja kusimulia jinsi alivyomkuta bustanini, akiwa na meza iliyojaa maboksi matupu ya shayiri ya uji. Ndani ya maboksi hayo mlikuwa na kadi, na katika kila kadi iliandikwa tetemeko na nyakati ambazo mawimbi yake yalifika katika vituo vya dunia. Hiyo ilikuwa faharasa kamili. Kadi zingeweza kupangwa upya kwa tarehe, kwa umbali au kwa aina ya wimbi, kadiri swali lilivyobadilika.

Swali lake lilihusu eneo la kivuli. Kwa kuwa kiini cha dunia huyapinda mawimbi, kuna ukanda, takriban nyuzi 105 hadi 142 kutoka kwenye tetemeko, ambamo wimbi la kwanza halikutarajiwa kufika. Tarehe 17 Juni 1929 tetemeko kubwa lilitokea New Zealand, na baadhi ya vituo vilivyokuwa mbali sana, vikiwamo Sverdlovsk na Irkutsk, viliandika mawimbi ambayo nadharia ya wakati huo haikuyapa nafasi. Wengine waliyaeleza kuwa ni mawimbi yaliyopindika ukingoni mwa kiini. Lehmann aliona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1936 alitoa hoja kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine. Vipimo vya leo vinakipa kiini hicho cha ndani nusukipenyo cha takriban kilomita 1,220.

Ni kweli kwamba Lehmann alikuwa msomaji hodari wa michoro, na hakutegemea orodha za wengine pekee. Aliagiza nakala za michoro yenyewe pale alipoona usomaji wa kituo unatia shaka. Desturi hiyo inafundisha kanuni ambayo watunzaji wa data wa leo wanaitambua: faharasa nzuri haimfungi msomaji katika muhtasari, bali humwonesha njia ya kuirudia kumbukumbu ya awali.

6.0 Vituo Pacha na Vihisi Tofauti, 1958–1996

Hadi katikati ya karne ya 20 kila nchi ilitumia vifaa vyake, na kulinganisha umbo la wimbi kati ya kituo na kituo kulikuwa kugumu. Mageuzi yaliletwa na hofu ya kisiasa. Mwaka 1958 wataalamu walikutana Geneva kujadili kama majaribio ya silaha za nyuklia chini ya ardhi yangeweza kutofautishwa na matetemeko ya asili. Kutokana na mahitaji hayo, Marekani iligharimia mtandao wa vituo takriban 120 katika nchi zipatazo 60, vyote vikiwa na vifaa vya aina moja na saa zilizosahihishwa kwa redio. Nairobi na Addis Ababa zilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Michoro ya awali ilipelekwa Marekani, ikapigwa picha katika filamu ndogo, kisha ikarejeshwa kwa wenyewe. Mtafiti aliweza kuomba nakala ya kituo chochote kwa siku yoyote.

Mwaka 1964 Kituo cha Kimataifa cha Matetemeko kilianzishwa Edinburgh kuendeleza kazi ya Oxford, sasa kwa msaada wa kompyuta. Kila kituo cha dunia kilipewa alama yake ya herufi, na kila tetemeko rekodi yake. Hadi leo taarifa kamili ya kituo hicho hutolewa takriban miaka miwili baada ya tukio, ili orodha zinazochelewa zipate kuingia. Katika zama zinazosifu haraka, uamuzi huo wa kusubiri ni msimamo wa kitaaluma.

Matunda ya mpango huu yalionekana upesi. Mwaka 1969 Barazangi na Dorman walichora ramani ya vitovu takriban 30,000 vya miaka ya 1961 hadi 1967, na badala ya wingu la nukta ikaonekana mikanda myembamba inayogawa uso wa dunia katika mabamba. Isacks, Oliver na Sykes walikuwa wamekwisha kuonesha, mwaka 1968, jinsi matetemeko yanavyounga mkono nadharia ya mabamba hayo. Kwa upande wa Afrika, Maasha na Molnar (1972) walitumia mawimbi yaliyoandikwa na vituo hivyo kuonesha kwamba Bonde la Ufa kwa sehemu kubwa linatanuka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuunganisha vihisi vya aina tofauti. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia wa mwaka 1996 ulipanga mtandao wenye vituo 170 vya mitikisiko ya ardhi, 11 vya sauti ya majini, 60 vya sauti nzito ya hewani isiyosikika kwa sikio la mtu, na 80 vya chembe za mionzi. Kituo cha Kilima Mbogo, Kenya, kimo katika mtandao huo. Hapa tatizo la kuoanisha lilirudi kwa sura mpya. Katika umbali wa kilomita 1,000 ishara ya tukio moja hupita katika mwamba kwa takriban dakika 2, majini kwa dakika 11 na hewani kwa dakika 50, ilhali chembe za mionzi husubiri upepo kwa siku kadhaa. Tukio moja, kwa hiyo, lina saa tofauti katika kila kihisi, na faharasa isiyojua njia ya kila ishara itahesabu tukio hilo mara nne.

7.0 Rukwa katika Faharasa

Sasa tunaweza kulirudia tetemeko la 1910. Ambraseys alilijenga upya kwa kuunganisha usomaji wa vifaa vya zamani na maandishi ya wakati wake. Baada ya hapo eneo lenyewe lilipata vihisi vya karibu. Camelbeeck na Iranga (1996) walieleza matetemeko yanayoanzia kina kirefu ndani ya ganda la dunia katika bonde la Rukwa, na katika miaka ya 1994 na 1995 vituo 20 vya muda viliwekwa sehemu mbalimbali za Tanzania. Lililokuwa duara pana juu ya ramani limekuwa eneo linaloweza kuchunguzwa ufa kwa ufa.

Mwaka 2013 katalogi mpya ya dunia ya matetemeko ya 1900 hadi 2009 ilitolewa na Kituo cha Kimataifa cha Matetemeko kwa ajili ya mradi wa kukadiria hatari. Taarifa za karatasi za miaka ya mwanzo ziliingizwa katika kompyuta, na vitovu vikakokotolewa upya kwa utaratibu mmoja. Katika toleo la kwanza, kiwango cha chini cha ukubwa kwa jumla kilikuwa 7.5 kwa miaka ya 1900 hadi 1917, kikashuka hadi 6.25 kwa miaka iliyofuata hadi 1959, kisha 5.5. Viwango hivyo viliwekwa kwa uangalifu, kwa kuwa hakuna maana ya kudai ukamilifu pasipo na vituo. Lakini vinasema jambo zito kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ukubwa ambao Ambraseys aliukadiria kwa tetemeko la Rukwa unakaribia kabisa mpaka wa kwanza. Tetemeko dogo kuliko hilo, lenye uwezo wa kuangusha nyumba za kijiji kizima, lingeweza kutokea mwaka 1905 na lisiache alama katika orodha ya dunia.

Hatari iko katika matumizi. Wahandisi hukadiria mara ngapi tetemeko la ukubwa fulani hurudi mahali kwa kuhesabu yaliyokwisha kutokea. Anayeihesabu orodha bila kujua historia yake ataona kwamba matetemeko ya Bonde la Ufa yameongezeka tangu miaka ya 1960, ilhali kilichoongezeka ni vihisi. Au, kwa kosa la upande wa pili, ataona miongo mitulivu na kuamini kwamba ardhi ilikuwa tulivu. Shule, hospitali na mabwawa ya Mbeya na Rukwa hujengwa juu ya hesabu za aina hii. Ukimya wa faharasa si ushahidi wa utulivu wa ardhi.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa vifaa, kwa kuwa wakati haurudi nyuma. Linaweza kupunguzwa kwa kihisi kilichoachwa nje, yaani mtu. Mwaka 1910 Kiswahili kilikuwa tayari na magazeti yake katika koloni hilo, yakiwamo Kiongozi lililochapwa Tanga na Pwani na Bara la wamisionari. Jamii za bara nazo zilikuwa na kalenda zao za matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa ugonjwa wa ng'ombe. Kalenda hizo ni faharasa. Msimulizi anayesema kwamba ardhi ilitikisika kabla ya nzige kuingia ametoa tarehe inayoweza kusahihishwa kwa kulinganishwa na nyingine, kama vile saa mbovu ya kituo ilivyosahihishwa kwa kulinganishwa na vituo vingine.

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba ushuhuda wa watu hauna usahihi wa kifaa. Jibu la makala hii ni kwamba vifaa vya Milne navyo havikuwa na usahihi huo. Viliingia katika faharasa kwa sababu palikuwa na utaratibu wa kuandika udhaifu wao kando ya usomaji wao. Simulizi inastahili utaratibu uleule: iandikwe nani alisema, alikuwa wapi, aliupimaje wakati, na inatofautiana kwa kiasi gani na mashahidi wengine.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba historia ya kuunganisha kumbukumbu za vipimatetemeko ni historia ya makubaliano. Kwanza, saa ya pamoja ndiyo iliyowezesha kipande cha Potsdam kukutana na habari ya Tokyo. Pili, mpangilio wa faharasa ulibadili maswali yaliyowezekana kuulizwa: waraka wa Shide ulionesha vituo, muhtasari wa Oxford ukaonesha matukio, na kadi za Lehmann zikaonesha njia za mawimbi. Tatu, matetemeko ya kina kirefu na kiini cha ndani cha dunia viligunduliwa kutokana na tarakimu ambazo karani mwenye kupenda usafi angezifuta.

Kutokana na matokeo hayo, makala inapendekeza mambo mawili. Katalogi za matetemeko ya Afrika Mashariki zichapwe pamoja na historia ya vituo vilivyozizaa, ili mtumiaji ajue ni lini na wapi orodha haikuwa na masikio. Pia, magazeti ya Kiswahili ya kabla ya mwaka 1918 na simulizi za wazee wa Bonde la Ufa zisomwe na kuorodheshwa kwa utaratibu unaohifadhi shaka zake. Kazi ya pili haiwezi kungoja kwa muda mrefu, kwa sababu gazeti linaweza kukaa katika hifadhi ya nyaraka kwa karne nzima, lakini mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za mwaka ule hana muda huo.